Mwarobaini Nilioumwagia Mguu wa Mdogo Wangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayetusitiri hata pale tusipostahili. Leo naivua sitara hiyo mwenyewe. Nilikosa! Nimesomesha Kurani watoto wa mtaa wetu wa Mtendeni tangu ujana wangu, na kumbe mimi mwenyewe sikujua kusikiliza.

Mdogo wangu Saidi alianguka na bodaboda, akavunjika paja. Hospitali wakamwekea chuma ndani ya mfupa. Baadaye mshono ukaanza kutoa majimaji.

Binti yangu Zuhura, anayefanya kazi maabara, alikuwa nyumbani likizo. Akatueleza kuwa huko maabara kwao wanachemsha majani ya mwarobaini, wanachanganya maji yake na madini ya fedha, wanapata chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Hizo ndizo wanazokipaka chuma kabla hakijaingia mwilini, vijidudu visipate pa kujenga makazi.

"Lakini bado tunajaribu maabara tu, baba," alisema. "Hakuna mtu aliyewekewa chuma hicho. Baba mdogo arudi hospitali."

Mimi nikasikia mwarobaini tu!

Barazani nikajifanya profesa. "Mnaona? Wenye makoti meupe wamerudi kwenye majani ya bibi zetu!"

"Umesema kweli, maalim!" wakaitikia wazee wenzangu. Kundi la wajinga, na mimi ndiye imamu wao!

Nikachuma majani uani, nikachemsha, nikawa nakimwagia kidonda huku nasoma dua. Dua tukufu, juu ya upumbavu wangu! Zuhura akalia. "Nyamaza," nikamwambia, "elimu yako yote imeishia kwenye mti wangu."

Na Saidi? "Ukishasema kaka, basi." Aliniheshimu. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Homa ikapanda, paja likavimba, usaha ukanuka nyumba nzima. Tulipofika hospitali, vijidudu vilikuwa vimekwisha kujenga juu ya chuma. Wakakitoa, wakakata na kipande cha mfupa uliooza. Leo mguu ule ni mfupi. Saidi, mrina asali aliyekuwa akipanda miti kama nyani, sasa anasali kwenye kiti.

Siku Saidi aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, jirani yetu mmoja Mzaramo alikuja kumjulia hali. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani hafungwi mdomo hata kwa mgonjwa. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"We Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mabegani toka hapa mpaka kwetu pwani. Wewe umeshindwa kumbeba ndugu yako mpaka hospitali, na bajaji zinapita mlangoni!"

Watu wakaangua kicheko. Saidi naye akacheka.

Msiulaumu mwarobaini, wala maabara. Dawa inayotafutwa bado si dawa iliyopatikana! Mkimwona mzee kama mimi amedaka neno moja la mtaalamu akaligeuza fatwa, mkimbieni, hata kama ndevu zake ni nyeupe.

Namshukuru Mungu kwa kumwachia mdogo wangu uhai. Kila asubuhi anakuja akichechemea, ananiambia, "Shikamoo, kaka." Kuitikia marahaba ndiyo adhabu yangu.

Nawe uliyesoma, Mungu akujaalie masikio yanayongoja neno la mwisho, na akuhifadhie ndugu wanaokutii. Amin.