Ndege Iliyotoka Mguuni kwa Bibi

Enzi zetu ndege ya kivita haikupakuliwa kwenye simu. Ilichongwa. Najua mtu aliyemaliza chuo juzi hana umri wa kusema "enzi zetu", na jambo hilo nimelifikiria siku tatu kabla ya kuandika. Lakini ninyi niliokua nanyi Bagamoyo mtanielewa. Tulikuwa na magari ya makopo yenye matairi ya ndala, midomo iliyopakwa rangi na ubuyu, na mchezo wa kombolela uliovunjwa na adhana ya magharibi. Kitu kikikosekana hatukulia. Tulitazama nyumbani kuna nini cha kukatwa.

Ami Seif, mdogo wake baba, alikuwa na duka Maskati. Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya Idi, alimpa msafiri boksi aniletee. Juu lilikuwa na picha ya ndege ya kivita, marubani wawili ndani, moto unatoka nyuma. Na salamu zake zilisema: nakuja Idi, niikute imeundwa. Ikipendeza, kila mwaka nitawaletea nyingine.

Kila mwaka! Nilishaanza kuwaza kabati la kuziweka zote, na kama kabati litapita mlangoni.

Ndani ya boksi mlikuwa na pua ndefu, kioo cha marubani, viti viwili vidogo na pezi la mkia. Vyote vilikuwa vya rangi ya samli na vilinuka kama duka la dawa. Basi. Hapakuwa na mwili wala mabawa. Dada yangu Rukia, aliyekuwa kidato cha kwanza na kwa hiyo anajua Kiingereza chote duniani, aliyasoma maandishi madogo ya pembeni.

"Hii ni seti ya kugeuzia," akasema. "Unachukua ndege ya rubani mmoja, unaigeuza iwe ya wawili, ya kufundishia. Ndege yenyewe haimo."

"Haimo vipi, na picha ipo?"

"Kopo la maziwa lina picha ya ng'ombe. Ng'ombe yumo?"

Rafiki yangu Hamisi, mtoto wa seremala wa Kaole, hakuona tatizo. "Kama kazi yake kugeuza," alisema, "itageuza chochote. Tutafute mti."

Mti ulitakiwa uwe mwepesi, mkavu, mrefu kiasi, umechongoka mbele. Tuliutafuta siku mbili, kumbe ulikuwa mlangoni mwa choo: mtalawanda wa Bibi, kiatu chake cha mti cha kutawadhia, na juu yake msuruaki, kile kijiti kinachobanwa na vidole vya mguu. Hamisi aliushika msuruaki akasema, "Hata mzinga upo tayari."

Mimi ndiye niliyekata shauri tuchukue mmoja tu. Nilifikiri hivi: ikipotea yote miwili, Bibi atasema kuna mwizi. Ukipotea mmoja, atasema ni panya. Hadi leo sijui panya gani niliyekuwa nikimfikiria.

Kuanzia siku hiyo Bibi akawa anakwenda kutawadha na mtalawanda mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Ko, pa. Ko, pa. Mara tano kwa siku nilijificha chumbani na kuisikiliza dhambi yangu ikipita uani.

"Mdudu gani huyu anayekula mti Ramadhani mchana?" alilalamika. "Kwao hawafungi?" Kisha akaniita. "Wewe Nassor, mtalawanda wangu hukuuona?"

"Leo sijauona, Bibi."

Nilisema kweli. Siku hiyo ulikuwa Kaole kwa Hamisi, unatobolewa tundu la viti. Lakini nilibaki najiuliza kama saumu yangu imebatilika, ingawa nilikuwa nafunga hadi adhuhuri tu.

Siku ya Idi Ami Seif alifika na kanzu nyeupe, ananukia udi. "Haya marubani, iko wapi?" Hamisi akaileta juu ya sinia, imefunikwa kawa kama biriani. Kawa likafunuliwa. Ilikuwa imepakwa rangi ya viatu, na mabawa yalikuwa bati la kopo la samli.

Ami aliigeuza chini juu. "Ndege gani hii ina alama ya kisigino?" Kisha kidole chake kikagusa msuruaki, na mkono wake wa pili ukaenda wenyewe kisogoni. "Huu naujua," akasema polepole. "Tulikutana nikiwa na umri wa hawa."

"Lete hapa," akasema Bibi.

Aliipokea, akaupapasa msuruaki. "Siku zote hizi natembea mguu mmoja juu mmoja chini, kumbe mwenzake yuko vitani."

"Nisamehe mama," akasema Ami. "Aliyeniuzia aliniambia inageuza ndege. Mimi nikadhani ndege inageuka."

"Wewe uliyeleta pua bila mwili tutazungumza baada ya pilau. Nassor! Nilikuuliza, sikukuuliza?"

"Nilisema leo, Bibi."

"Na jana yake?"

"Hukuniuliza ya jana."

Rukia akajifunika uso kwa mtandio. Bibi akamgeukia Ami. "Huyu atasoma sana," akasema, "na usingizi hatapata."

Kisha akatoa hukumu. "Mguu wangu umeutoa wewe. Basi mguu wangu ni wewe." Kila sala, alfajiri ikiwemo, niliweka bega langu chini ya mkono wake kumpeleka kutawadha, mpaka baba yake Hamisi alipomchongea jozi mpya. Na mafundi mnawajua. Ami hakuleta ndege tena. Idi iliyofuata alileta mpira.

Siku hizi binamu yangu wa miaka tisa anarusha ndege za kivita kwenye simu, kitandani. Anatungua kumi kabla ya chai, na chaji ikiisha analia yeye. Wala siwezi kumcheka sana. Mwezi uliopita sisi wahitimu tuliitwa ukumbini tuambiwe tujigeuze, tuwe wajasiriamali. Tukapewa fulana, kalamu na cheti. Niliigeuza ile fulana nje ndani nikitafuta maandishi madogo.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Ndege ipo kabatini, na ule mtalawanda uliobaki, aliokataza usitupwe, bado uko mlangoni mwa choo. Juzi niliuvaa, mguu wa pili nikavaa ndala, nikapita uani. Ko, pa. Ko, pa. Nilipofika katikati nikasimama, nikangoja kuulizwa.