Kitenge cha Mkwe Hakifunguliwi

Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, sikatai, ila siku ile niliwaka kwanza kwa furaha. Jamani, nilikuwa naenda kujitambulisha ukweni! Kulikuwa hakujapambazuka vizuri nimeshaoga, nimevaa shati jeupe, nimelivua nikihofia jasho, nimelivaa tena. Mchumba wangu alikuwa anaishi Kawempe na wazazi wake, wakimbizi wa Kongo kama sisi, watu ambao vita vya kwetu viliwasukuma hadi Kampala wakaanza maisha upya kwa kuuza dagaa na mafuta ya mawese. Mimi nilikaa Bukoto kwa shangazi yangu, aliyenilea, na ndiye angenisindikiza.

Upande wetu, kijana anayekwenda kuoa humpelekea mama mkwe kitenge. Si kitenge chochote, bwana. Lazima kiwe waksi ya kweli, ile ambayo ukiigeuza nyuma huoni tofauti na mbele. Kinafungwa dukani, kinabebwa na shangazi kichwani, na hakuna ruhusa ya kukifungua mpaka mikono ya mama mkwe mwenyewe ikifungue. Akishakifungua hasemi neno. Kukisifia kitenge ni kama kuomba kingine, na kukilaumu ni aibu kubwa zaidi. Jibu lake ni moja: akijifunga nacho kiunoni palepale, wewe ni mtoto wake. Akikiweka pembeni, mke utapewa, lakini kizingiti chako hatakivuka mpaka anaingia kaburini. Na mchumba wangu alikuwa ameshanieleza bila kunizungusha kwamba nyumba asiyoingia mama yake, yeye pia haingii.

Basi nilikuwa nimekwenda jana yake Ntinda, kwenye duka moja la vitambaa lililosifiwa sana. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiganda, mtu wa kukaa karibu na mlango na kusalimiana na barabara nzima. Kaunta alimwachia muuzaji wake, mwanamume wa makamo, tai shingoni, Mkongomani mwenzetu. Niliposikia lafudhi yake moyo ulitulia. Akanishushia waksi ya bluu yenye maua ya manjano, nikaigeuza mbele, nikaigeuza nyuma, nikairidhia. Akaniuliza kwa sauti tamu ni ya nani. Nami, kwa majivuno, nikasema ya mama mkwe. Ah, alifurahi huyo! Akaniombea watoto mapacha, akachukua kitenge akaingia nacho nyuma ya pazia kukifunga, akatoka na kifurushi cha karatasi ya kung'aa na utepe juu. Nilikibeba hadi Bukoto kwa mikono miwili.

Sasa asubuhi ile shangazi akajitwika kifurushi, akapiga hatua chache uani, akasimama. Akakishusha, akakipima mikononi, akakitwika tena. Akaniambia kitu hiki kinataka kupeperuka kichwani mwake, na waksi haipeperuki. Nikamwambia aache wasiwasi, twende, tutachelewa. Akaanza kufungua utepe. Mungu wangu, nilimrukia! Nilimshika mikono mtu aliyenilea, nikamwambia anataka kuniharibia ndoa kabla haijaanza. Akaniangalia tu mpaka nikamwachia.

Ndani hamkuwa na waksi. Mlikuwa na kitambaa cha kuiga, bluu ile ile, maua yale yale, lakini ukikigeuza nyuma kimepauka kama shati la shule lililofuliwa miaka mitatu. Nilihisi joto limenipanda kutoka miguuni. Nilitaka kwenda Ntinda wakati uleule nimng'oe yule bwana kwenye tai yake, na nilikuwa nimeshafika barabarani naita boda, shangazi aliponishika shati kwa nyuma.

"Unataka kuoa, ama unataka kufungwa?"

Akanieleza polepole, maana alijua nikiwaka sisikii. Nikienda na kitambaa kilichokwisha kufunguliwa, yule atasema nimekibadilisha mwenyewe nyumbani, na mama mwenye duka atamwamini mtu wake. Lakini yule mtu hamjui shangazi. Ndipo akili yangu ilipofunguka nikaelewa ujanja wenyewe. Muuzaji ametoka kwetu. Anajua mila. Anajua kwamba kifurushi cha mkwe hakifunguliwi njiani, na mama mkwe atakayekifungua haruhusiwi kulalamika. Hakuna mteja atakayerudi hata siku moja! Eti aliniombea mapacha. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Tulipanda boda mbili kwenda Ntinda, jua likiwa limeshachomoza sawasawa, na watu wa Kawempe wakitusubiri. Nilijibanza nje, nyuma ya mkaanga chapati, ambaye alinilazimisha ninunue moja kama nataka kusimama pale. Sikuweza kuimeza. Shangazi aliingia kwa madaha, akachagua bluu ile ile, akaigeuza mbele na nyuma, akaweka kwenye kaunta pesa ya kodi ya nyumba yetu, nami nikafumba macho. Nilimsikia akisema kwa sauti kwamba mwanawe anaoa na kitenge ni cha mama mkwe. Muuzaji akamimina baraka zake. Akapotelea nyuma ya pazia, akarudi na karatasi ya kung'aa na utepe.

Shangazi hakukiweka kichwani. Alikilaza kwenye kaunta, mbele ya wateja waliokuwepo, akavuta utepe.

Yule bwana akaruka. "Mama, kitenge cha mkwe hakifunguliwi!"

"Kweli," shangazi akamjibu. "Ndiyo maana unaiba bila kuogopa."

Akakikung'uta, na upande wa nyuma uliopauka ukaonekana hadi mlangoni. Mimi nilishaingia, chapati mkononi, nikatoa kwapani na kile changu cha jana nikakitandaza sambamba. Mama mwenye duka aliinuka kwenye kiti chake. Kiswahili hakikuwa chake, lakini macho yalimtosha. Akamwambia muuzaji, "Wewe kaa hapo, hapana toka," akafungua pazia mwenyewe. Kule nyuma, chini ya maboksi matupu, waksi yangu ilikuwa imelala na waksi nyingine za watu, zikisubiri kuuzwa mara ya pili kwa faida ya mtu mmoja. Mama yule alishika kifua. Akanirudishia kitenge changu, akamrudishia shangazi kodi yetu, akatuomba radhi kwa Kiganda mpaka tukaona haya. Muuzaji alikuwa analia, anatuita ndugu zake. Tulimwacha mikononi mwa mwajiri wake. Niseme ukweli, nilitamani kubaki nimtazame kidogo, lakini ndoa ilikuwa Kawempe.

Tulifika tumechelewa, tumelowa jasho, na kitenge kikiwa wazi. Hatukuwa na karatasi wala utepe, na shangazi alikataa kununua. Alisema atakayefunga tena ataonekana anaficha. Basi tuliingia hivyo hivyo, kitenge kimekunjwa begani kwake kama mtu anayetoka sokoni, na wazee wa upande wa pili wakaanza kunong'onezana. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, uso mkavu. Shangazi akapiga magoti mbele yake akasimulia yote, pazia, karatasi, maboksi, bila kuruka kitu, na kwa vile ana mdomo mtamu watu walianza kucheka.

Mtu mmoja hakucheka. Kando ya mlango alikaa mume wa dada mkubwa wa mchumba wangu, akifungua soda za wageni. Aliuliza duka liko wapi. Shangazi akamwambia Ntinda, muuzaji Mkongomani mwenye tai. Yule bwana akaweka chupa chini.

"Mama," akasema, "na mimi nilinunua hapo."

Mama mkwe alimgeukia mkwe wake mkubwa.

"Miaka yote hii nilidhani ulinipima," akasema, "ukaona mimi ni wa kitambaa kile cha kuiga."

"Na mimi sikujua kosa langu, mama."

Akainuka kwenye mkeka, mama wa watu. Akachukua waksi yangu kutoka begani kwa shangazi, hakuigeuza, hakuikagua, akaifunga kiunoni na kukaza fundo. Moyo wangu ukalipuka! Vigelegele vikapaa, mchumba wangu akachungulia kutoka chumbani huku machozi yanamtoka, nami nikawa nacheka kama mwehu. Lakini mama mkwe hakuja kwangu. Alivuka watu, kitenge kipya kikichakacha miguuni, mpaka mlangoni, akamshika yule bwana mkono na kumwambia kesho atavuka kizingiti chake.

Mke wa yule bwana, binti yake mkubwa, alikuwa ametoka jikoni aliposikia vigelegele, mwiko bado mkononi. Alisimama pale akimwangalia mama yake. Nilidhani atalia, au atamlaumu kwa miaka iliyopotea.

"Nikupikie nini kesho, mama?" akauliza.