Yai la Mkaa

Nakumbuka jambo moja ambalo hadi leo linanikera, mwanangu, na wewe umeamua kunikumbusha. Nimekuta kiota kitupu! Umekomba mayai yote, hata lile nililolipaka mkaa liwe alama ya kuachwa. Haya, kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa nimeolewa Lufingo, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika sokoni Tukuyu. Nilikuwa na tetea mmoja mwekundu. Alikuwa akitagia jikoni kwangu, kwenye kapu la majani makavu ya mgomba. Nilipanga aatamie, vifaranga wakikua niwauze, nimshonee mtoto wangu Tumaini sare ya darasa la kwanza. Lakini kuna gauni la mtumba lilinitia wazimu! Kila yai nililichukua likiwa bado la moto, nikampelekea mchuuzi wa mayai barabarani. Sikuacha hata moja; fedha yake nikajazia bei ya gauni, nikalinunua.

Siku ya nne tetea akahama. Unajua alikwenda wapi? Chini ya kitanda cha baba mkwe! Na sisi Wanyakyusa, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami, wala haingii kwake. Basi kila asubuhi namsikia kuku wangu akipiga kelele huko ndani, kisha mzee anamwambia mkewe, "Bandika maji, Mungu ameleta lingine." Nilijiuma midomo kwa hasira.

Nikamlalamikia mama mkwe. Wala hakunibembeleza.

"Wewe ukikuta nyumba yako imekombwa, utarudi kulala humo? Kuku huachiwa yai moja, ajue pale ni kwake."

"Basi mama, mwombe baba amwache aatamie."

"Mzee keshanogewa. Nimwambie nini?"

Shule zikafunguliwa. Nikalipunguza lile gauni, nikamvika Tumaini. Mwalimu akamrudisha, hana sare. Mwaka mzima alisimama mlangoni akiwatazama wenzake wakipita na madaftari. Huyo Tumaini ndiye mama yako. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo sikia, sitaki kurudia: mayai chukua, moja liache. Kuku akiwa kiotani usimguse. Jioni mfungie palepale alipozoea kulala. Na lile la mkaa lirudishe upesi kabla hujalikaanga, ni viza siku nyingi!

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mkono unaojua kubakiza, na watoto wako wasikose sare kwa ajili ya gauni lako.