Msitu Uliotuhama

Baba alituhamisha kutoka vilima vya Umatumbi akatuleta Kibiti kwa sababu moja tu: nyuma ya kiwanja alichopewa, msitu ulianzia pale pale. Mama alilalamikia nyani, mimi niliogopa kwenda chooni peke yangu, na baba alisema hayo ni matatizo ya watu wenye bahati. Alikuwa mchoma mkaa. Kwake yeye, kuishi namna ile ilikuwa kama mwalimu kupewa nyumba ndani ya uwanja wa shule.

Kibiti ya wakati ule ilikuwa barabara ya vumbi yenye nyumba pande mbili, msikiti, na duka la ushirika ambalo muuzaji wake alikuwa na kazi nyepesi kuliko watu wote, maana alichokuwa nacho cha kuuza ni chumvi na viberiti, na siku nyingine viberiti tu. Wachoma mkaa walikuwa wachache. Baba alikata miti, akaipanga, akaifunika kwa majani na udongo, akawasha, kisha akakaa na tanuri lake siku kumi au zaidi akiziba kila tundu linalojitokeza. Tundu likiachwa, moto unapata hewa na magogo yanakuwa majivu. Tulimwona kutoka uani. Chakula kikiwa tayari, mama alimwita kwa sauti ya kawaida naye akaja.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Malori yakaanza kuleta mitumba, redio na sabuni za kunukia, na wenye malori hawakutaka yarudi Dar es Salaam matupu. Kitu pekee tulichokuwa nacho kwa wingi ni msitu. Kila mtu akawa mchoma mkaa. Mwalimu wangu wa darasa la nne alichoma mkaa. Muuzaji wa duka la ushirika alifunga duka, ikapita wiki nzima hakuna aliyegundua, naye akaenda kuchoma mkaa. Magunia yalipangwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi, na kila yalipoondoka, bati zilikuja. Tuliezua makuti, tukaezeka bati, tukasema mji unakua. Na kweli ulikua. Tukapata nyumba ya wageni, mashine ya kukoboa mpunga, na kibanda cha video kilichoonyesha watu wakipigana mateke tangu adhuhuri.

Msitu haukusema kitu. Ulihama tu. Mwanzo baba alikwenda kazini kwa miguu, akarudi adhuhuri. Kisha akanunua baiskeli. Kisha baiskeli haikutosha, akawa analala huko siku tatu, nne, anarudi Alhamisi jioni ili Ijumaa imkute nyumbani. Kabla hatujajua kwamba kuna watu duniani wanaoishi mji mmoja na kufanya kazi mwingine, baba alikuwa tayari mmoja wao.

"Zamani nilikuwa nakuita unakuja kula," mama alimwambia Alhamisi moja. "Sasa nikitaka kukuita itabidi nipande gari."

"Gari zenyewe zimejaa mkaa," baba akajibu, akaendelea kula.

Nilikwenda kusomea ualimu, na niliporudi kufundisha Kibiti, lami ilikuwa njiani inatufuata. Nyuma ya nyumba yetu ungeweza kuona mbali sana. Mama alikuwa analima mchicha mahali palipokuwa na matanuri, na mchicha ule ulistawi kwa namna ya kutia aibu. Hapo ndipo akaja karani mmoja wa ofisi ya Dar es Salaam, mtu mpole mwenye shati la mikono mirefu, anatafuta kiwanja. Alitaka hewa safi, alisema, mbali na moshi wa mjini. Baba alimtembeza. Mimi niliwafuata kwa sababu karani aliniomba nimsomee karatasi ya mipaka, maana miwani yake aliisahau.

Karani aliinama akachota udongo. "Mzee wangu, udongo huu mweusi hivi umetoka wapi?"

"Ni kazi ya miaka mingi," baba akasema.

"Ila hapana mti hata mmoja."

"Ilikuwapo."

"Ikaenda wapi?"

"Dar es Salaam," baba akasema bila kutabasamu. "Mmeipikia."

Karani alicheka sana, akadhani ni utani, akanunua. Wakafuata wenzake. Walijenga nyumba nzuri zenye madirisha ya vioo na vibaraza vya kupumzikia, na kila alfajiri walipanda basi la kwanza kwenda kazini wakasinzia mpaka Mbagala. Walirudi giza limeingia. Sikuwahi kumwona hata mmoja amekaa kwenye kibaraza chake, isipokuwa sikukuu ya Idi, na hata siku hiyo alikuwa amelala.

Baba sasa hakuwa na msitu wa karibu, wala magoti ya kumfikisha wa mbali. Ndipo bwana miti wa wilaya alipokuja kutoka Utete na habari kwamba kila kijiji kiwe na kamati ya kulinda misitu. Mkutano ulifanyika. Alitaka mtu anayejua mipaka ya msitu uliobaki, anayejua njia zake zote, na anayetambua miti kwa majina. Watu wote wakamtazama baba. Mtu mmoja aliuliza kwa heshima kama inafaa kweli kumpa ulinzi mtu aliyeumaliza.

"Hakuumaliza peke yake," mama akasema kutoka upande wa wanawake. "Na wewe bati zako zimetoka wapi?"

Baba akachaguliwa. Alipewa koti la kijani lililomzidi mabega, akalivaa hata msikitini.

Mkosaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo aliyekutwa na tanuri linafuka. Ripoti ilitakiwa iandikwe, na baba mwandiko wake haukuzidi jina lake, kwa hiyo niliandika mimi, yeye amesimama nyuma yangu.

"Andika: tanuri lilikuwa na matundu matatu. Udongo kidogo. Limewashwa upande wa upepo."

"Baba, bwana miti anataka jina la mtu na idadi ya miti."

"Hayo pia andika. Lakini mtu anayekata mti mzuri halafu anaugeuza majivu, huyo amefanya makosa mawili."

Nilimuuliza tanuri wameliacha katika hali gani. Akasema amemwonyesha yule mtu namna ya kuziba, kwa sababu mti ulikuwa umekwisha kufa. Hilo sikuliandika.

Bwana miti alipendezwa na ripoti, akaomba baba aje shuleni kwetu kuwafundisha watoto uhifadhi. Nilimsihi baba azungumze kwa ufupi. Alikuja na koti lake na mfuko. Akamwaga mezani kwangu vipande vya mkaa, kila kimoja mti wake, akaanza kuvigonga kimoja kimoja kwa kisu.

"Huu mtondoro. Sikilizeni, unalia. Mkaa unaolia hivi utapika maharage mpaka yaive, hauna majivu. Huu mkongo. Mzito, unachelewa kushika, ukishika hauna haraka."

Watoto walisogea mbele. Sijawahi kuwa na darasa lililonyamaza vile. Bwana miti, aliyeketi kwenye kiti changu, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishoni aliomba maswali, nadhani kwa kutaka kuokoa kitu, na msichana mmoja wa darasa la tano akasimama.

"Babu, mkongo ukiwa mzima una maua ya namna gani?"

Baba alikiokota kile kipande cha mkongo akakigeuza.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia shina."

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani akaniuliza kama mimi najua, kwa kuwa nafundisha sayansi. Nilikuwa najua sehemu zote za ua kwa kuzichora ubaoni, lakini ua la mkongo sikuwa nimeliona, au nililiona nikapita.

Vuli ilipokaribia, baba alitengenezesha baiskeli yake akaondoka. Mama alimwambia kwamba mtu wa umri wake haendi porini kutazama maua, watu watasema. Alirudi siku ya tatu amechoka, midomo imekauka, lakini uso umechangamka kama wa mtu aliyetoka kwenye harusi. Alituambia ua lina petali moja tu, basi, nyekundu, imesimama peke yake, na linanukia. "Nimeishi chini yake miaka yote hiyo," alisema, "nanusa moshi." Mfukoni alikuwa na mbegu alizookota chini, nyeusi zenye kofia nyekundu. Alizipanda kwenye makopo ya maziwa. Nyingi ziliota. Mbuzi wakala sehemu yao, na mche mmoja baba akampelekea karani.

"Utatoa kivuli lini, mzee wangu?" karani akauliza.

"Ukistaafu."

Karani alishukuru, akapanda miashoki, ambayo inakua haraka, inapendeza, na kivuli chake kinamtosha kuku mmoja. Mche ule baba aliuchukua tena akaupanda shuleni, nje ya ofisi yetu, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja kuumwagilia akiwa na koti lake.

Watoto wa wale wanaosinzia kwenye mabasi walizidi kuongezeka, mpaka tukawa tunafundisha wengine kwenye veranda. Ikaamuliwa lijengwe darasa jipya. Palikuwa na mahali pamoja tu, nje ya ofisi, pale uliposimama mti wa baba. Kwenye kikao waliulizwa wanaokubali, na mimi nilinyoosha mkono, kwa sababu nilikuwa na wanafunzi walioandikia magotini. Mti ulikuwa umefika usawa wa paa na haujatoa ua hata moja.

Nilimwambia baba mimi mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine.

"Darasa mnalihitaji kweli?" akauliza.

"Tunalihitaji, Baba."

Asubuhi alikuja na shoka lake. Fundi alikuwa ameanza kunoa panga, baba akamwomba apishe. Alilizunguka shina mara moja, akainua kichwa akatazama majani kwa muda, kisha akakata. Mapigo hayakufika kumi. Mti uliangukia pale alipotaka, bila kugusa bustani ya maua ya darasa la saba. Alifuta shoka kwa upindo wa koti, akaniuliza kama ofisini kuna chai.

Nikamwambia ipo. Akanywa vikombe viwili.