Msiba wa Manowari ya Papa Stavros

Nyumba ya Papa Stavros, kule Auderghem, mtaa wa ule mji wa Ulaya tulikohamia, ilinukia kahawa nzito na dawa ya kung'arishia shaba. Jumatano shule zilifungwa adhuhuri, na kwa kuwa Maman, mama yangu, hakuwa na mtu wa kuniachia, nilimfuata kazini. Kazi yake ilikuwa kumhudumia huyo mzee wa Kigiriki: kumwogesha, kumpikia supu, kumvumilia. Alikuwa mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua, na mimi nilimpenda sana.

Mzee alikuwa na hadithi moja tu, nayo ilikuwa ya meli. Manowari yake iliundwa na Wamarekani, ikapigana Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikaachwa bandarini ikiota kutu mpaka walipowapa Wagiriki. Yeye alikuwa miongoni mwa mabaharia vijana waliotumwa Marekani kuichukua. Asubuhi ya makabidhiano bendera moja ilishushwa, nyingine ikapandishwa, na meli ikapewa jina jipya. Lakini milangoni maandishi yalibaki ya Kiingereza, na juu ya kitanda chake palikuwa na jina la Mmarekani lililochongwa kwa kisu. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye mitambo hakukubali jina lile lipakwe rangi. "Alilala hapa kabla yangu," alisema, kana kwamba ni ndugu yake. Sasa, chini ya kitanda chake cha Auderghem, palikuwa na begi lililofungwa tayari, maana mwanawe alimwambia meli imefanywa makumbusho huko Ugiriki, na kiangazi watakwenda kuiona. Kila kiangazi kilipofika safari iliahirishwa, na mzee akazidi kukonda.

Siku moja mwanawe alimpigia Maman simu. Akakiri kwamba makumbusho hayakuwapo. Meli ilishakatwakatwa zamani, ikauzwa vyuma chakavu. Akaomba mzee asiambiwe. Maman aliiweka simu mezani, akaitazama kwa hasira.

"Muntu akikufa, bantu yake banaambiwa," alisema. "Na hii meli, alors, ni muntu yake. Ataingojea mpaka lini?"

Nilijua alichokuwa akikumbuka. Habari ya kifo cha kaka yake aliipata kwa simu, peke yake, amesimama Gare du Nord na mifuko ya sokoni mikononi, magarimoshi yakija na kuondoka. Kwetu Kivu msiba hautangazwi hivyo. Watu huja na chakula, hukaa, jiko huzimwa kwanza ili kitu kisiungue, ndipo mmoja hufungua kinywa.

Jumatano iliyofuata tulifika na Maman Furaha, mwenzake wa kwaya, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitenge. Basi zima lilinukia mawese. Papa Stavros alishangaa kuona mgeni akivua viatu. Maman akazima jiko, akavuta kiti, akamshika mzee mkono, akamweleza kwa Kifaransa chake cha polepole. Niliogopa mno. Nilidhani atakufa pale pale, na Maman atafungwa. Mzee akauliza kama ilikatwa kwao Ugiriki. Ndiyo, Maman akajibu, kwao. Hapo akalia kwa sauti kubwa, na Maman Furaha, ambaye hakuwahi kuona manowari maishani mwake, akalia pamoja naye.

Tulikula. Mzee akaomba aongezwe sombe, halafu akaniambia nilivute lile begi. Tukatoa mashati moja moja, tukayarudisha kabatini. Mwanawe alipopata habari, akapiga simu akifoka, mzee mwenyewe aliipokea: "Siku nyingine uje mwenyewe. Na chakula ulete."

Siku hizi misiba hutufikia kwenye makundi ya simu: picha ya marehemu, vikatuni vinavyolia, na wewe umo ndani ya tramu. Nasoma, najibu, nashuka kituo changu. Lakini Maman alipofariki mwaka jana, hapa Laeken, mdogo wangu Elie akiwa mji mwingine, Liège, nilishika simu, nikairudisha mkobani. Nilimwita Maman Furaha, ambaye sasa ni bibi kizee, tukapika, tukapanda garimoshi Gare du Nord na sufuria mapajani, tukilia bila kujificha.

Elie alifungua mlango. Akatuona, akaiona sufuria. Alirudi jikoni, akazima jiko.