Gari Iliyokuwa Inangoja Barabara

Mashine ya kukoboa mpunga ya Célestin haijawahi kuoshwa. Inakula vumbi tangu asubuhi mpaka jioni, inatiwa mafuta yoyote yaliyopatikana, inapigwa teke ikichelewa kuitika, na inafanya kazi. Akina mama wa Kasongo wanakuja na magunia yao, wanaondoka na mchele wao, basi. Lakini ile gari nyekundu iliyolala nyuma ya nyumba, ile inayopanguswa kwa kitambaa laini na kufunikwa turubai kama mgonjwa wa baridi, ile ndiyo iliyomkatalia. Na ikachagua wiki mbaya ya kukataa.

Habari ilitoka Nyangwe na mtu wa pikipiki aliyeleta samaki: Mama Régina anaumwa sana, anamuita mdogo wake. Mdogo wake ndiye Mama Benita, mama mzazi wa Célestin. Mama Benita alivunjika nyonga kisimani, na tangu hapo hawezi kupanua miguu akae juu ya pikipiki. Na kwa mtu asiyeweza kupanda pikipiki, kutoka Kasongo mpaka Nyangwe ni mbali kweli. Mama Benita hakulia. Alimuita mwanawe, akamwambia: "Gari ya baba yako iko. Unipeleke kwa dada yangu angali anasema."

Célestin akajibu ndiyo, mama. Angejibu nini?

Gari yenyewe, tuseme ukweli, ni ya milango miwili, iko chini chini kama inayotambaa, ilitengenezwa kwa watu wanaoshindana mbio kwenye lami. Mgiriki mmoja aliyekuwa ananunua pamba aliiuza alipoondoka, na baba yake Célestin akaichukua. Mzee aliiendesha mpaka mji mzima ukamjua kwa mlio. Alipokufa yeye, barabara nazo zilikuwa zimekwisha kufa. Célestin akala kiapo: gari haitoki mpaka barabara itengenezwe. Kila mtu aliyekuja kuomba kura alisema barabara inakuja, na kila aliposema, Célestin aliing'arisha upya. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, alifunua turubai, akawasha mota, akasikiliza kidogo macho yamefumbwa, akazima, akafunika. Miaka na miaka hivyo hivyo. Majirani walisema ile ni gari ya kusikiliza. Mkewe Sidonie alisema wanaume wengine wananunua redio.

Sasa siku aliyoihitaji, mota ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Célestin akajaribu tena, na tena, mpaka batri nayo ikachoka. Akashuka akaufunga mlango taratibu, maana hata katika hasira hakuweza kuupiga mlango wa gari ile.

Akamuita Hervé, fundi wa pikipiki kutoka Wamaza. Hervé ana mikono mizuri na tabia mbaya ya kupiga mluzi wakati wa kazi. Célestin alikereka na ule mluzi hata kabla kifuniko cha mota hakijafunguliwa. Fundi akavuta kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meupe kama uji. Akafungua karbirateri, akakuta esanse, petroli ya zamani, imeganda ndani kama ulimbo. Akafungua mahali pa kuchujia hewa, na mluzi ukakatika: panya walikuwa wamejenga nyumba ya watoto kwa pumba za mpunga. Pumba za mashine ya Célestin mwenyewe.

"Nani ameniharibia gari?" Célestin akauliza. Moyoni alikuwa amekwisha kumhukumu muuza esanse wa sokoni.

"Papa Célestin, ukiiwasha unaiacha muda gani?"

"Kidogo tu. Sipendi kuichosha."

"Na kutembea?"

"Barabara gani?"

Hervé akajikuna shingo. "Mota ikipata moto kidogo inatoa jasho ndani. Ikitembea mbali, lile jasho linakauka. Wewe unaizima ingali inatoka jasho. Maji yanabaki kwenye mafuta, yanakula chuma."

Hasira ilikuwa imempanda Célestin, na hakuona mtu wa kumtupia. Kwa kukosa mtu, akamfokea Hervé kwamba anapiga mluzi kwenye kazi ya watu. Hervé akaomba radhi, na baada ya muda akaanza tena polepole.

Kazi ile, usiombe. Walimwaga mafuta, wakasafisha tangi, ikatoka kutu nyekundu kama udongo wa kilimani. Mahali pa mipira ya esanse iliyopasuka wakaweka ya pikipiki, ikavuja, wakaifunga kwa waya. Batri ikatolewa kwenye mashine ya mpunga, na akina mama wakakaa juu ya magunia yao wakisema maneno ambayo Célestin aliyasikia yote. Hervé akakosea kurudisha nyaya za buji, zile zinazopeleka cheche, mota ikapiga kishindo, mbuzi wa jirani wakakimbia. Walipozipanga vizuri ikawaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika. Célestin alishika kichwa. Wakati huo wote Mama Benita alikuwa amekaa kwenye kiti uani, furushi lake magotini: kitenge kipya na kipande cha sabuni vya kumpelekea dada yake. Mtu wa samaki akapita tena, akasema Mama Régina hali tena chakula.

Asubuhi iliyofuata mota ikawaka na ikakubali kukaa. Hervé akasema, "Sasa usizime. Nenda mbali." Mama Benita akasaidiwa kuingia, kiti kile cha chini kikampokea na nyonga yake vizuri kabisa. Wakatoka. Watu walisimama milangoni kuangalia.

Nyumba za mwisho zikapita, na hapo barabara ikajionyesha ilivyo. Mashimo. Makorongo ya mvua zilizopita. Gari ikashuka kwenye moja, na jiwe likakwaruza tumbo lake tangu mbele mpaka nyuma. Célestin alilisikia lile jiwe kwenye mbavu zake mwenyewe. Akasimama.

"Mama, itavunjika hapa. Turudi. Nitatafuta vijana wakubebe kwa kiti."

Mama Benita hakujibu, na Célestin akachukua ukimya ule kuwa ndiyo. Akageuza. Akarudi uani, akazima, mkono wake ukaenda wenyewe kuchukua turubai. Alikuwa amekwisha kufunika mbele yote alipoona mama yake angali ndani.

"Mama, shuka."

"Nitashuka tukifika."

"Mama, umeiona barabara."

"Nimeiona. Régina hawezi kuingoja."

Akakaa hivyo hivyo, furushi magotini, anaangalia mbele kwenye turubai kama anaangalia njia. Célestin alisimama na pembe ya turubai mkononi. Alitaka kusema juu ya baba yake, juu ya miaka yote aliyoitunza, na kila neno alilolishika lilikuwa na mafuta meupe ndani yake.

Sidonie ndiye aliyekuja. Alimnyang'anya turubai bila neno, akalitandika uani kwenye jua, akamwaga juu yake mpunga wa mtu gunia zima, akaanza kuusambaza kwa mkono.

Célestin akarudi nyuma ya usukani, na mota ikaitika. Kwenye korongo lile lile jiwe likakwaruza pale pale. Uso wake ukakunjamana, mguu wake ukabaki ulipo. Likaja jingine, na jingine. Mbele yake mshale wa joto, ambao tangu afe mzee haujawahi kunyanyuka kwenye kitako chake, ulikuwa unapanda kidogo kidogo mpaka ukasimama katikati.

"Kitu gani kinanuka?" Mama Benita akauliza.

"Mota, mama. Imepata moto."

"Vizuri," akasema, akalishika furushi lake vizuri. "Usizime."