Chumba cha Binti Wali

Nilipokuwa bado mtoto wa kukatazwa kila kitu, nyumba yetu ilikuwa upande wa Wadi Kabir, chini ya jabali lililobeba ngome. Ukifungua mlango wa uani unaiona, kuta zake rangi moja na mawe, hata huwezi kusema jabali limeishia wapi na ngome imeanzia wapi. Wazee walisema kwanza ilijengwa minara ya kulinda njia. Baadaye akaja wali mmoja, mtawala wa mji, mtu wa anasa, akajenga juu yake nyumba ya kuishi yeye na jamaa zake. Ikawa ngome chini, kasri juu.

Bibi yetu, mama yake mama, alirudi nchi hii ya wazee wake kutoka Unguja akiwa mtu mzima, lakini khabari za ngome ile alizijua kama aliyezaliwa humo. Alitusimulia kuwa wali alikuwa na binti aliyeposwa na mtu wa ng'ambo. Akamtengenezea chumba cha juu kabisa, akamweka humo amngojee mume. Mume hakuja. Binti alingoja mpaka nywele zikamjaa mvi, akafia dirishani. Tangu hapo, mwari akikanyaga chumba kile, posa zake hukauka. Bibi hakusimulia kwa kututisha. Alisimulia kwa sauti ile ile aliyotumia kutukumbusha tusilale na nywele mbichi.

Dada yangu Zuwena alikuwa ndiyo kwanza amemaliza skuli. Mwaka ule baba na ami yetu walikubaliana aolewe na Nasser, mtoto wa ami. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nasser hakuwa na ubaya wowote, lakini Zuwena alitaka kusomea ualimu, na ami alishasema kuwa wanawake wa nyumba yake hawafanyi kazi.

Ngome ilikuwa imetengenezwa upya, na siku ya pili ya Idi ikafunguliwa watu waitembelee. Tukapanda asubuhi, sisi na mke wa ami. Bibi alikomea kwenye kivuli cha lango kwa sababu ya magoti. Alimshika Zuwena mkono akamwambia, "Tembea kote, mjukuu wangu, ila kule juu usende. Nnakuomba."

Baba alituonyesha mwanya juu ya lango, wa kumimina asali ya tende iliyochemka juu ya vichwa vya maadui. Asali yenyewe ilitoka ghala la chini, lenye vijifereji sakafuni. Magunia ya tende yalipangwa humo yakajikamua yenyewe kwa uzito wao. Ngazi zilipinda, na vidato vyake havikulingana. Vilijengwa hivyo kusudi, mgeni ajikwae. Kuta za chini zilikuwa nene hata mazungumzo yetu yalisikika kama yamefunikwa na mto.

Kule juu ungesema umeingia nchi nyengine. Chokaa ilikuwa laini, madirisha ya mbao za kuchonga, na dari imeshikwa na boriti za mikoko zilizovushwa kutoka pwani ya Afrika, zimechorwa maua mekundu na meusi. Nakumbuka niliwaza kuwa aliyepaka rangi zile hakuwa akifikiria vita hata kidogo.

Zuwena alinishika mkono, tukawaacha wenzetu nyuma. Tulipofika kizingiti cha chumba cha mwisho akaniachia.

"Wewe usiingie," aliniambia. "Bado hujajua utataka nini."

Akaingia, akakaa dirishani, akautazama mji. Mimi nilibaki nje, nangojea dari imwangukie. Halikutokea lolote. Palikuwa na vumbi na njiwa.

Tulipoteremka, alikwenda moja kwa moja hadi langoni, ambako mke wa ami alikuwa ameshakaa na Bibi. Akasema bila ya kuulizwa, "Nimetoka chumba cha juu. Nimekaa pale pale alipokaa binti wali."

Bibi alifumba macho. Mke wa ami aliyachukua maneno yale mpaka kwake, na Idi haijapoa ujumbe ukaja kuwa Nasser atatafutiwa kwengine. Baba alikasirika, lakini hakumzuia tena. Zuwena akaenda chuo.

Nilidhani dada yangu amewashinda wote. Kisha akapata kazi, na mwalimu mwenzake akataka kumwoa. Naye alimtaka. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiimba jikoni. Mama wa yule kijana akaulizia, kama watu wanavyoulizia, na watu wakamwambia khabari ya chumba. Posa ikafa. Ikaja nyengine, nayo ikafa. Baada ya hapo hazikuja tena.

Mimi nilikua, nikaozwa mdogo wake Nasser. Sikuulizwa. Sasa nnaishi Mabela, nna watoto wanne na mume mwema, na nimechoka. Zuwena anaishi Ansab na baba. Alimuuguza Bibi, akamuuguza mama, sasa anamuuguza baba mwenyewe, baada ya umri mzima wa kusomesha watoto wa watu.

Ijumaa iliyopita nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kama anajuta kupanda. Alikuwa akikunja nguo za baba.

"Kupanda sijuti," alisema. "Nilidhani maneno ya Bibi nitayatumia mara moja, kisha nitayaacha pale pale. Watu hawakuyaacha."

Bibi alisema kweli, na alilolisema limekuwa. Lakini nilikuwepo, na ndani ya chumba kile sikuona chochote cha kumdhuru msichana. Waliomdhuru walikuwa huku chini, watu wa salamu na kahawa, kila mmoja akilipokea neno na kulipeleka kwa mwenziwe, pengine bila hata chuki. Na mimi niliyezuiwa nisiingie, siwezi kukitaja kitu kimoja nilichoepushwa nacho. Nguvu za kumlaumu mtu sina tena. Wengi wao tumeshawazika.

Baba aliita kutoka ndani, anataka maji. Zuwena aliweka mikono magotini ili ainuke, akabaki hivyo hivyo, hajainuka. Nikamwambia akae. Nikaenda mimi.